Magongo ya barafuni na migomba ya Makunduchi

(Haya ni mazungumzo yaliyosomwa redioni mwishoni mwa wiki iliyopita. Tunayachapisha kwa faida ya wasomaji waliokosa kuyasikiliza.)



Ijumaa iliyopita nilikuwa Jambiani, nimekwenda kumtazama mjomba wangu. Baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani, uso wetu pwani. Maji yalikuwa yanakupwa, mwani umeanikwa mbele ya nyumba, na vijana walikuwa wamekwisha kuchomeka miti minne kwenye mchanga mgumu, miwili huku na miwili kule, mpira umeanza. Haikupita robo saa, kijana mmoja akakwatuliwa, akaanguka, akaushika mguu wake kwa mikono miwili na kupiga kelele kama aliyechomwa na taa.

Pale barazani palikuwa na mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikuwa beki wa kuogopwa, kuanzia Paje mpaka Kizimkazi. Mzee huyo akacheka mpaka akakohoa. "Mpira wa siku hizi mayai matupu," alisema. "Sisi tulikuwa tukigongana mifupa inalia, mtu anainuka, anajipangusa mchanga, anaendelea. Hawa ukiwapulizia tu wako chini."

Kijana mmoja wa ukoo, ambaye anafanya kazi katika hoteli mojawapo ya pwani ile, akadakia: "Shikamoo babu, lakini hebu tazama huku." Akatoa simu yake. Mgeni mmoja kutoka Kanada alikuwa amempelekea picha za mchezo wa kwao, hoki ya kwenye barafu. Tukasogeza vichwa. Tukaona watu wamevaa viatu vya vyuma, wanateleza kwa mbio zisizo na kifani, wana magongo mikononi, na mmoja anamkumba mwenzake ubavuni mpaka anabamizwa kwenye ukuta wa uwanja. Baadaye wawili wakatupa chini magongo na glavu, wakashikana fulana, wakaanza kutwangana ngumi za uso. Refa amesimama kando anatazama.

Mjomba akauliza: "Sasa hawa wanacheza au wanapigana?"

Kijana akajibu: "Wanacheza, mjomba. Na huyo mgeni wangu ameniambia hizi ni picha za zamani. Baba yake kule Kanada analalamika kila siku kwamba mchezo umeharibika, umekuwa laini, vijana wa leo hawana ukali wa wale wa kale."

Ndugu wasikilizaji, baraza nzima tuliangua kicheko. Kumbe wazee wa Kanada nao wana baraza yao! Lakini nilipokuwa garini narudi mjini swali lile halikunitoka. Je, ni kweli kwamba michezo ya leo imepoteza ukali? Na kama ni kweli, ni hasara au ni faida? Nimeona wiki hii tulizungumze jambo hili, kwani lina mambo yanayotuhusu sisi wenyewe zaidi kuliko tunavyodhani.

Tuanze na hao wenye barafu. Msidhani mchezo huo uko mbali mno nasi. Jirani zetu wa Nairobi wana uwanja mdogo wa barafu ndani ya hoteli ya Panari, uliofunguliwa mwaka 2005, na Wakenya wameunda timu yao inayoitwa Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Mwaka 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada, wakacheza bega kwa bega na nyota wakubwa wa huko, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa hiyo hata chini ya ikweta gongo la barafuni limekwisha kufika.

Ligi kubwa ya mchezo huo ni ile ya Amerika Kaskazini, NHL, iliyoanzishwa mwaka 1917. Na kwa hakika zamani ilikuwa ngumu. Wachezaji walicheza kichwa wazi. Mwezi Januari mwaka 1968 mchezaji mmoja wa timu ya Minnesota, Bill Masterton, alikumbwa, akaanguka chali, kichwa kikapiga barafu, na baada ya siku mbili akafariki dunia. Mtu angetarajia kwamba kesho yake kila mchezaji angevaa kofia ngumu. Haikuwa hivyo. Kuvaa kofia kulionekana ni uoga. Ilipofika mwaka 1979 ndipo ligi ilipowalazimisha wachezaji wapya kuvaa, na wale wa zamani wakaachiwa hiari yao. Mtu wa mwisho kucheza bila ya kofia, Craig MacTavish, alistaafu mwaka 1997. Hesabuni wenyewe: miaka 29 tangu kifo kile mpaka kichwa kitupu cha mwisho kilipotoka uwanjani.

Katika miaka ya 1970 kulikuwa na timu ya Philadelphia ambayo watu waliipachika jina la wababe wa mtaani, kwa jinsi ilivyokuwa ikiwatisha wapinzani kwa ngumi. Timu hiyo ilitwaa kombe mwaka 1974 na tena mwaka 1975, na wengine wakajifunza somo kwamba ubabe unalipa. Ndipo kila timu ikajitafutia babe wake wa kukodi. Huyu hakutakiwa kujua sana kufunga magoli. Kazi yake ilikuwa kuwalinda nyota wa timu: ukimgusa nyota wetu, utakutana na baunsa wetu. Ilipofika miaka ya 1980, ugomvi wa ngumi ulikuwa jambo la kutarajiwa karibu katika kila mchezo.

Baadaye sheria zikaanza kubana. Mwaka 1987 iliamuliwa kwamba mtu wa kwanza kutoka benchi kwenda kujiunga na ugomvi atafungiwa michezo 10. Mwaka 1992 adhabu ya mwanzilishi wa ugomvi ikaongezwa, pamoja na kutolewa uwanjani. Mwaka 2010 ikapigwa marufuku kumvizia mtu kwa ubavuni na kumgonga kichwa. Matokeo yake yanaonekana: leo mtu anaweza kutazama michezo mitatu au minne mfululizo asione ngumi hata moja. Yule babe wa kukodi karibu ametoweka kabisa. Kwa hiyo, tukiishia hapo, baba yake yule mgeni ana haki. Mchezo umekuwa mpole.

Lakini tusiishie hapo. Kuna upande wa pili ambao jicho la barazani halioni kwa urahisi.

Zamani mchezaji aliweza kukaa juu ya barafu dakika mbili bila ya kubadilishwa. Alikuwa akienda mwendo wa kupumua. Leo anaingia kwa kiasi cha sekunde 45, anakimbia kwa nguvu zake zote, anatoka, mwengine anaingia. Aidha, baada ya msimu mzima wa 2004 na 2005 kufutwa kwa mgogoro wa malipo, ligi ilirudi na sheria mpya. Kumshika mpinzani, kumvuta kwa gongo, kumziba njia, yote hayo yakaanza kuadhibiwa vikali. Nia ilikuwa njema, mchezo upate kupendeza. Na ulipendeza kweli. Lakini kule kushikwashikwa kulikuwa pia ni breki. Breki zilipoondolewa, gari likashika kasi.

Sasa sikilizeni hesabu moja ndogo ambayo watoto wetu wa skuli wanaijua. Nguvu iliyomo katika pigo haipandi sawasawa na mwendo, inapanda zaidi. Ukiongeza mwendo kwa sehemu moja ya tano, nguvu ya pigo inaongezeka kwa karibu nusu nzima. Na wachezaji wa leo ni warefu na wazito kuliko babu zao. Basi mtu mzito zaidi, anayekwenda mbio zaidi, akikukumba mara moja kwa mujibu wa sheria, anaweza kukuumiza kuliko ngumi tatu za yule babe wa mwaka 1974. Vikumbo vya namna hiyo bado vinahesabiwa kwa makumi katika kila mchezo.

Kwa hiyo jibu la swali letu, kama nilivyolielewa mimi, lina sehemu mbili. Ugomvi umepungua, na umepungua sana. Lakini uzito wa pigo haukupungua. Kilichobadilika ni sura yake: zamani ukali ulikuwa wazi, una damu na kelele, leo umefichika ndani ya mbio. Anayepima ukali wa mchezo kwa kuhesabu ngumi ni sawa na anayepima kina cha bahari kwa kutazama povu.

Na hao mababe wa zamani, yaliwafika nini? Hapa ndugu wasikilizaji habari inahuzunisha. Mmoja wao, Derek Boogaard, alifariki mwaka 2011 akiwa na umri wa miaka 28 tu, kwa kuchanganya dawa za maumivu na ulevi. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Boston walipouchunguza ubongo wake waliukuta umeharibika kwa maradhi ambayo huwapata watu waliopigwa sana kichwani. Mwaka 2018 wachezaji wastaafu zaidi ya 300 waliokuwa wameishitaki ligi walikubaliana nayo kwa malipo ya karibu dola milioni 19 kwa jumla, na ligi haikukiri kosa. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Uwanja ulishangilia, tiketi ziliuzwa, na panzi akarudi nyumbani kwake na kichwa kinachouma.

Watetezi wa ngumi walikuwa na hoja moja ambayo si ya kudharauliwa. Walisema ngumi zinatoa hasira. Bila ya ngumi wachezaji watachomana kwa magongo. Hoja hii iliponifikia nilitabasamu, kwani sisi watu wa Unguja tunaijua kabla ya mtu wa Kanada kutufundisha.

Kutoka Jambiani ukishika njia ya kusini si mbali mpaka Makunduchi. Kila mwaka, mwezi wa Julai, pale husherehekewa Mwaka Kogwa, siku ya kuoga mwaka, mila ya Nairuzi inayosemwa ilitoka kwa Washirazi. Wanaume wa pande mbili za mji huingia uwanjani na kupigana. Wanapigana kweli, wanakimbizana, wanachapana. Wanawake wamevaa nguo zao nzuri, wanaimba na kuzunguka. Kibanda cha makuti huwashwa moto na aliyemo ndani hutoka mbio. Kisha watu wanakula, kila nyumba ikijitahidi isikose mgeni. Maana yake wanaieleza wenyewe: kinyongo cha mwaka mzima kimalizwe pale uwanjani, mwaka mpya uanze na nyoyo safi.

Sasa wanapigana kwa nini? Kwa migomba. Kwa mashina ya mgomba, laini, yaliyojaa maji, yanayovunjika yakipiga. Na wazee husimulia kwamba zamani hazikuwa migomba, zilikuwa fimbo na bakora. Watu walipasuka vichwa. Pakafika wakati wenyewe wenye mila wakaona kwamba kusudi la siku ile ni kutoa kinyongo, si kutoa macho. Wakaweka bakora chini, wakashika mgomba. Je, mila ilikufa? Haikufa. Watu bado wanamiminika kutoka mjini na kutoka nchi za nje kwenda kuitazama. Je, wanaume wa Makunduchi wamekuwa mayai? Asemaye hivyo na aende Julai ijayo akasimame katikati ya uwanja.

Na kuna tofauti moja kubwa baina ya uwanja ule na ule wa barafu. Makunduchi wanapigana siku moja kwa mwaka, wazee wapo, kila mtu anaingia kwa hiari yake, na ikisha imekwisha. Hapana anayelipwa mshahara ili apigwe. Yule babe wa ligi alipigana msimu baada ya msimu, kwa hasira ambazo hazikuwa zake, kulinda magoli ambayo hakuyafunga. Mila ya kutoa hasira ikigeuzwa ajira, hasira haitoki. Inahamia tu ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Mtaniambia: mbona hata sisi tulikwenda upande wa pili kabisa? Ndiyo. Ngumi za kulipwa Zanzibar zilipigwa marufuku baada ya Mapinduzi ya 1964, zikakaa kimya kwa karibu miaka 60, mpaka ziliporuhusiwa tena katika utawala wa Rais Hussein Mwinyi. Wapo wanaofurahi na wapo wanaonung'unika. Mimi nasema hivi: kufunga mlango ni njia moja, na kufungua mlango kwa kuweka daktari, refa na mipaka ni njia nyengine. Njia mbovu ni ya tatu, kuuacha mlango wazi na kuwaambia vijana wakaze roho.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye mpira wetu wa miguu, kwani hatuna barafu, lakini kandanda tunayo kila jioni. Mpira wa miguu nao umepita njia ile ile. Mwaka 1966 katika Kombe la Dunia, Pelé alipigwa mateke na Wabulgaria na Wareno mpaka akatoka akichechemea. Mwaka 1970 kadi za njano na nyekundu zikaanza kutumika. Mwaka 1983 beki wa Bilbao, Andoni Goikoetxea, alimvunja Maradona kifundo cha mguu. Mwaka 1990 vilinda ugoko vikawa lazima. Mwaka 1998 ikaamriwa kwamba anayemkwatua mwenzake kwa nyuma na kumhatarisha atolewe kwa kadi nyekundu. Mwaka 2024 sheria za mpira zikaruhusu timu kumbadilisha mchezaji aliyeumia kichwa bila ya kuhesabiwa katika idadi ya kawaida. Kila hatua ilipochukuliwa palikuwa na mtu aliyesema mpira umekufa. Na mpira mpaka leo unajaza viwanja.

Lakini jamani, sheria hizo ziko kwenye televisheni. Katika mashindano yetu ya vijijini na mitaani, yale ya kugombea mbuzi au seti ya jezi, ziko wapi? Refa ni jirani ambaye akitoa kadi nyekundu ataulizwa kesho sokoni. Vilinda ugoko ni boksi lililokatwa, na mara nyingi hakuna hata boksi. Mtoto akigongana kichwa na mwenzake na kuanza kuyumba, atamwagiwa maji, ataambiwa "inuka, wewe mwanamme," naye atainuka, kwa sababu nani anataka kuitwa mayai?

Na tukumbuke kitu kimoja. Mchezaji wa Kanada akivunjika mguu ana mkataba, ana daktari, ana bima. Kijana wetu wa Jambiani akivunjika mguu, nani atakwenda dago? Nani atasukuma ngalawa? Nani atapanda mnazi, au kubeba zege kwenye hoteli inayojengwa? Mguu ule ni mshahara wa nyumba nzima. Namjua kijana mmoja aliyevunjika katika mchezo wa kirafiki, ati wa kirafiki, akakaa miezi mingi akisubiri mfupa uunge, mama yake anahangaika na mwani peke yake. Aliyemvunja ni rafiki yake. Mpaka leo wanasalimiana, lakini kusalimiana kwenyewe si kwa zamani. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Nikasema nikamalizie habari ya yule mzee beki. Jua lilipokuchwa na adhana ya magharibi ikaadhiniwa, sote tuliinuka. Yeye hakuinuka. Alinyoosha mkono kwa yule kijana wa hoteli, akavutwa taratibu, akasimama kwa kushikilia nguzo. Nilimuuliza goti lina nini. Akanijibu, "Hili? Hili la mechi na watu wa Bwejuu, mwanangu. Zamani hizo." Kisha akatembea kwenda msikitini kwa mguu mmoja na nusu. Ni yeye yule aliyesema kwamba wao walikuwa wakiinuka, wakijipangusa mchanga na kuendelea. Ni kweli waliendelea. Lakini goti halikusahau.

Sina nia ya kumcheka mzee wangu. Ukali wake ulikuwa na heshima yake, na vijana wanaojiangusha bila ya kuguswa ili wapewe penalti wanastahili kukemewa. Uongo uwanjani si upole, ni uongo tu. Lakini tusichanganye mambo mawili. Kumtaka mchezaji awe jasiri ni haki. Kumtaka awe kilema ili tuamini kwamba ni jasiri, hiyo si haki.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili kutoka nje. Kwanza, kila kamati ya mashindano ya kijiji na mtaa, kabla ya kununua mbuzi wa mshindi, itenge fedha za vilinda ugoko, na ikubaliane ni nani mwenye gari la kumfikisha majeruhi hospitali. Pili, wazee wa mji wasimame nyuma ya refa hadharani, kama wanavyosimama wazee wa Makunduchi, ili kadi yake iwe kadi ya mji mzima. Na tatu, mchezaji aliyegongwa kichwa atoke, asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali na hata kama ni mtoto wa mwenyekiti. Mguu ukivunjika huonekana. Kichwa kikiumia huwa hakuna anayekiona mpaka siku nyingi zimepita.

Wenzetu wa barafuni walihitaji miaka 29 kuvaa kofia. Wa Makunduchi waliweka bakora chini bila ya kuambiwa na mtu. Sisi wa mpira wa mchangani tuko baina ya hao wawili, na uamuzi ni wetu.